Branchi ya nyumbani ukitoka naiti: vitumbua, mbaazi za nazi na chipsi mayai

Ukishakabidhi zamu asubuhi, ukasinzia kwenye daladala mpaka konda anakugonga bega, nguvu za kusimama jikoni masaa mawili unazitoa wapi? Na Jumapili nyumbani wanakusubiri na njaa. Kwenye kazi hii ya unesi nimejifunza kitu kimoja kuhusu chai ya saa nne: kazi nzito ifanyike usiku wakati mimi niko wodini nahangaika na dripu, nikirudi iwe ni kusaga na kubandika tu.

Kwa hiyo jioni kabla hujatoka, osha mchele vikombe viwili, loweka. Bakuli lingine loweka mbaazi kavu vikombe viwili, maji yawe mengi maana zinavimba kweli kweli. Kama ni msimu wa joto la Dar weka vyote frijini, la sivyo utakuta mchele umeanza kuchacha.

Ukirudi, cha kwanza ni mbaazi. Mwaga maji ya usiku, suuza, bandika na maji mapya. Zikilowekwa vizuri zinaiva kama dakika 45 hadi saa moja, kwenye presha kuka ni chini ya hapo sana.

Zikiwa jikoni, chuja mchele usage kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai na hiliki, tui unaongeza kidogo kidogo kama blenda inagoma. Saga mpaka ukisugua katikati ya vidole husikii chenga, hapo usiwe na haraka, kitumbua chenye chenga kinakera jamani. Funika, nenda kaoge, ukitoka utakuta umeumuka una mapovu juu.

Chuma cha vitumbua kipate moto wa wastani, kila tundu mafuta kidogo, mimina bila kujaza. Subiri juu vifunguke vitobo vidogo vidogo na kingo zianze kuachia chuma, ndo unachomeka kijiti pembeni na kugeuza. Moto ukiwa mkali nje kinaungua ndani kibichi.

Wodi ya watoto kuna mmoja alikuwa hakubali kabisa kuwekwa kifaa cha kusikilizia kifuani, analia mpaka jirani zake nao wanalia, mama yake akamwambia sista anataka kusikia vitumbua ulivyokula asubuhi. Akanyamaza, akafungua shati mwenyewe, tena nilipotaka kuondoka akanishika mkono, "Sista bado, kimoja kimeenda huku mgongoni." Nikasikiliza na mgongoni, maana ndo nilikuwa nakutaka huko huko!

Turudi kwenye mbaazi. Zikiiva punguza maji, weka kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, manjano kidogo, na tui la pili lile jepesi, ziache zichemke zinywe. Tui zito ni la mwisho, na hapo unakoroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke kidogo, ukiliacha lichemke lenyewe kwa fujo linakatika. Kuna bibi mmoja wodini nilikuwa nampima presha akanishika mkono akauzungusha hewani kunionyesha mwiko unavyokwenda, huku kipimo kimemkaba mkono wa pili, ikabidi nianze kupima upya maana ukiongea na kujitikisa presha inasoma uongo. Lakini somo nililipata.

Chumvi, tafadhali, kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote, na nazi yenyewe ina ladha ya kutosha. Na chai ya rangi usinywe hapo hapo na mbaazi, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, ngoja kama saa moja, mezani weka machungwa maana hayo yanasaidia. Kwa mama mjamzito hili nalisema kila siku kliniki na sichoki.

Kama jana hukuloweka chochote basi chipsi mayai, yaani zege. Kaanga chipsi, chuja mafuta yote, kwenye kikaango acha kijiko kimoja tu. Panga chipsi, piga mayai matatu na kitunguu na hoho, mimina juu, punguza moto na usikoroge. Ikishika chini funika na sahani, pindua, rudisha upande wa pili, mayai yaive kabisa hasa kama kuna watoto au mjamzito. Kachumbari pembeni, ndimu nyingi. Wodi ya wazazi baba mmoja alimletea mkewe zege la nguvu, akakaa nje anasubiri aitwe, kwa wasiwasi akawa anadokoa, anadokoa, nilipotoka kumwambia hongera mtoto wa kike, mfuko una vijiti vya meno tu. Akakimbia kununua lingine, akarudi na mawili.

Mbaazi zikibaki zisikae mezani zaidi ya masaa mawili, nazi inaharibika haraka, weka frijini na kesho zichemke kabisa kabla ya kula. Vitumbua vipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, umefunika. Ule mchele uliosagwa ukibaki upike wote siku hiyo hiyo, ukilala unachachuka.