Baiskeli ya Mbio ya Bei Kubwa: Pima Kabla ya Kulipa

Wateja wangu wengi huja na picha mbili kwenye simu: baiskeli za kampuni moja, zinafanana kama mapacha, ila bei ya pili ni karibu maradufu. "Fundi, niongeze pesa?"

Anza na fremu. Kampuni nyingi huweka fremu ile ile ya alumini kwenye modeli mbili tatu, halafu hubadilisha gia, breki na magurudumu tu. Weka orodha za vipuri sambamba, uzisome mstari kwa mstari. Fremu na foki zikiwa zile zile, pesa yote ya ziada inaingia kwenye vitu ambavyo fundi anaweza kukubadilishia hata mwakani.

Gia ndizo huwachanganya watu. Kwa Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, daraja la Claris lina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na lile liitwalo 105, la karibuni, 12. Ukipanda daraja unapata gia zinazokaribiana zaidi na kubadilisha kunakuwa laini. Hilo ni zuri, lakini kwa mlima angalia meno. Sproketi ndogo ya mbele ikiwa na 34 na kubwa ya nyuma 34, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja. Utapandisha mlima mrefu wa kutoka Mai Mahiu hadi Rironi, hapa Kenya, umekaa kwenye kiti. Ile ya 36 mbele na 30 nyuma, hata kama ni ghali, itakumaliza magoti. Tena cheni ya gia 8 utaipata kwa fundi wa mtaani. Ya gia 12 huenda ukaiagiza na kungoja.

Uzito nao tuupigie hesabu. Una kilo 70. Baiskeli moja ina kilo 10.5, nyingine 9. Ukijumlisha mwili na chuma, umepunguza karibu asilimia 2. Kwenye mlima wa nusu saa, hiyo ni kama nusu dakika. Ukishindana, nusu dakika ni kitu kikubwa, lipa. Kama unatoka na wenzako Jumamosi asubuhi, hiyo pesa ina kazi nyingine.

Mahali ambapo mimi husema ongeza bila kusita ni breki za diski, zinazobana kisahani katikati ya gurudumu, hasa zinazosukumwa na mafuta badala ya waya. Limuru kukiwa na ukungu na manyunyu, breki za ringi, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, hukawia kushika, na mteremko wa kwenda Mai Mahiu una malori. Fremu iliyotengenezewa breki za ringi huwezi kuigeuza baadaye, na nyingi hazipokei tairi zaidi ya milimita 25 au 28. Za diski mara nyingi hubeba 32, na kwa barabara zetu zenye viraka na kokoto pembeni, mgongo na mikono yako vitahisi tofauti.

Kisha uipande, usinunue kwa picha. Shika juu ya vishikio vya breki: viwiko vikunjike kidogo, mabega yalegee. Ukijikuta umenyooka mikono kuufikia usukani, omba saizi ndogo. Isipopatikana, iache hata ukipunguziwa bei. Tafuta kilima kidogo, ubadilishe gia huku unakanyaga, usikilize cheni. Kitakachobaki mfukoni, nunua helmeti na tairi nzuri kabla ya kufikiria magurudumu ya kaboni.