Kabla ya kurudi baharini na mkono ulioshonwa neva

Mvuvi wa Lamu aliyekatwa na panga karibu na kiwiko, akashonwa neva (uzi wa mwili unaopeleka habari kati ya ubongo, uti wa mgongo na misuli), kidonda kikishafunga huanza kuulizwa atashuka pwani lini. Swali hilo lisijibiwe kwa kutazama kovu. Neva hukua upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 30. Hesabu yake inakaribia mwaka. Basi kwanza familia ipange nani atashika chombo, na chakula kitatoka wapi. Mkono nao usilazwe tu: vidole vinyooshwe kila siku kama mtaalamu wa tiba ya viungo alivyoelekeza, visije vikakakamaa kabla neva haijafika.

Ngozi isiyohisi ni ya kuchungwa kwa macho. Mpini wa sufuria ya moto au bomba la injini ya boti litamuunguza mtu naye hana habari.

Lisilosemwa mara nyingi ni la uti wa mgongo. Msuli ukivutwa ghafla, habari hukimbia hadi humo, na msuli huamriwa kukaza papo hapo bila kungoja ubongo. Neva ikikatika mkononi, mingi ya miunganiko ya neva inayofanya kazi hiyo hujitoa ndani ya uti wa mgongo, ingawa panga halikufika huko. Uchunguzi wa panya na paka umeonyesha kuwa hata neva ikiufikia tena msuli na nguvu zikarudi, sehemu kubwa ya miunganiko hiyo hairudi. Paka aliyeungwa neva za shavu la mguu hutembea vizuri kwenye tambarare, lakini akiteremka, kifundo hulegea na kujikunja kupita kiasi.

Ndiyo maana nasisitiza: kubeba ndoo ya maji si kipimo. Mtu huibeba vizuri kabisa, kisha nguru akivuta mshipi kwa kishindo, vidole vikachelewa. Ajaribiwe nchi kavu, mtaalamu akiwepo. Ashike kamba, mwenzake aivute bila kumwonya, polepole kwanza, halafu kwa nguvu zaidi. Aanze akiitazama, kisha afumbe macho. Anayeweza akitazama tu asivue usiku. Na mshipi asiuzungushe kiganjani kamwe, hata samaki wawe wengi namna gani.

Aliyeumia mguu apimwe kwa kushuka ngazi, maana kupanda humdanganya. Ngazi za nyumba za mawe zina mwinuko mkali, na za gati huteleza maji yakiwa yametoka.

Safari ya kwanza isiwe wakati wa Kusi, bahari ikiwa chafu. Angoje Kaskazi, aende karibu, mchana, na mwenzake. Nahodha aambiwe waziwazi ni mkono upi, asimwachie kamba ya tanga peke yake.