Namna ya kushuti filamu ya magendo na kisasi Unguja na Pemba kwa hela ndogo

Wengi wanaotaka kufanya filamu ya magenge huku kwetu wanatafuta bastola ya plastiki kwanza, hadithi baadae, na mie naomba uanze upande wa pili kabisa. Anza na mtu atakaekufa. Kisasi hakina uzito kama watazamaji hawajamjua marehemu, basi wamuone anakula, anagombana na mdogo wake kwa kitu kidogo, anadaiwa dukani, dakika kumi nzima kabla hajaguswa, na dakika hizo ndo rahisi kuliko zote kwani unahitaji chumba na bakuli mbili za urojo tu.

Pili, usihangaike na mabosi wa suti na magari meusi, hela ya kuyakodi hamna. Sie tuna karafuu. Mnunuzi wa karafuu ni serikali kupitia ZSTC, shirika lake la biashara, na miaka nenda miaka rudi kuna magunia yaliyotoka Pemba usiku kwa mashua kuelekea Kenya kufata bei, muulize Mpemba yoyote mtu mzima hakosi stori ya magendo. Genge lako lipo hapo tayari: mwenye chombo, mwenye ghala, anaewapa habari askari wakija, na kijana mmoja anaetaka kutoka. Kijana anatoswa kwenye mkondo wa Pemba, mdogo wake anabaki Wete na kanzu ya kaka mtu inayonuka karafuu. Ukienda msimu wa kuchuma utakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara, hiyo ni seti nzima na hujatoa hata shilingi, omba tu ruhusa kwa wenyewe na usizikanyage.

Ruhusa usiikimbie. Filamu Zanzibar inapita kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, halafu nenda kwa sheha wa pale unaposhuti, na kituo cha polisi wajue siku na saa, hasa kama kuna silaha za bandia. Sie tulipuuza mara moja tu, kijana wetu kashika panga la mbao lililopakwa rangi ya fedha anakimbia uchochoroni, mama mmoja akapiga ukelele, watu wakatoka na magongo na walikuwa karibu kumpiga kweli. Tokea siku ile natuma mtu mlango kwa mlango kabla hatujawasha kamera.

Simu nzuri inatosha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaofungua kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni wa Hz 50 kwa hivyo taa za ndani hazitocheza kwenye picha, na mwanga ufunge usiwe unapanda na kushuka wenyewe. Muongozaji wa Kimarekani Robert Rodriguez alipopiga filamu yake El Mariachi kule Mexico kwa dola kama 7,000 kamera alikuwa akiisukuma kwenye kiti cha magurudumu, nawe tafuta mkokoteni wenye mipira ya upepo. Vichochoro vya Mji Mkongwe saa sita mchana ni vibaya, juu kunawaka chini kiza, shuti asubuhi mapema au baada ya alasiri.

Ngumi sasa. Tafuta vijana wa judo, Unguja wapo, hao wanajua kuanguka bila kuumia na kazi ya kuanguka ndo ngumu kuliko ya kupiga. Kamera ikae nyuma ya bega la anaepiga, ngumi ipite mbali kidogo na uso, anaepigwa ageuze kichwa kwa wakati wake, basi, kutoka pale hakuna atakaeona nafasi iliyobaki. Fanyeni polepole mara kumi kabla ya kufanya kwa kasi. Kisu cha kweli kisiwepo kabisa hata kwa picha ya karibu. Damu ni sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe na rangi ya sharbati.

Hela uliyotaka kununulia bunduki nunulia maiki. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona filamu nyingi zetu zenye picha nzuri halafu husikii mtu anasema nini, upepo tu. Mji unapiga kelele, kunguru, vespa, jenereta, na adhana mara tano, panga ratiba yako kwa adhana na timu isimame iende kuswali. Kila sehemu kabla hamjaondoka rekodi ukimya wa pale sekunde 30, utauhitaji wakati wa kuediti. Sauti za mapigano zitengeneze nyumbani usiku: taulo bichi likipigwa sakafuni ni ngumi ya tumbo, kabichi likipasuliwa ni mfupa.

Kadi yenye ulivyoshuti ikopi mara mbili kabla hujalala.

Ukimaliza kuediti ichukue maskani, watu kumi au kumi na tano, ukae pembeni usiangalie filamu, waangalie wao. Kaka anapotoswa baharini kama kuna mtu anachezea simu, usiongeze ngumi wala damu, rudi ukaishuti upya ile sini ya urojo.