Ukitaka kuwafaa Waaweer, nunua asali yao kwa kilo

Waaweer, ambao wengi wetu Lamu tumezoea kuwaita Waboni, waliishi kwa kuwinda na kurina asali. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977. Asali ikabaki. Mimi huinunua na kuiuza hapa Mokowe, na watu wenye nia njema huniuliza wawasaidieje watu wa Basuba, Mangai au Kiangwe, vijiji vya Waaweer. Jibu langu ni moja: nunua walicho nacho, na ununue kwa haki.

Anza na chifu. Usalama wa njia ya kutoka mji wa Hindi kwenda Kiunga, huku huku Lamu, hubadilika, kwa hiyo ulizia hali ya siku hiyo kabla hujaondoka. Kisha omba kikao na wazee, akina mama wakiwemo, mpatane bei kabla ya msimu. Mtu aliyeishiwa na unga hana nguvu ya kubishana nawe. Mkipatana mapema mnasimama sawa.

Sasa mizani, maana hapa ndipo dhuluma ilipo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 28 hivi. Mnunuzi akiuhesabu kuwa kilo 20 ameondoka na kilo 8 za bure, na aliyeirina alipanda mti moshi ukimwingia machoni. Inaniuma sana. Basi beba mizani ya kuning'iniza. Pima mtungi mtupu mbele ya watu, upime tena ukijaa, utoe uzito wa mtungi. Kijana wa kijijini aliyesoma ndiye aandike daftari, si wewe. Lipa papo hapo.

Chagua masega yaliyozibwa kwa nta. Asali ya masega yaliyo wazi huwa na maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 huchacha upesi. Ichuje kwa kitambaa safi, usiichemshe. Mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa usiuguse kabisa. Nta nayo inunue. Na wahimize warinaji waache masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, na wazime mienge yao vizuri, hasa majani yakiwa makavu.

Mizinga ya kisasa? Uliza kwanza. Nimeona iliyogawiwa bila mafunzo ikikaa mitupu. Wazee wanajua kumwita kwa mluzi yule ndege anayeongoza watu kwenye nyuki, na desturi ni kumwachia kipande cha sega, kwa kuwa nta ni chakula chake. Ujuzi huo unastahili ujira. Tenga sehemu ya faida umlipe mzee anayewapeleka vijana msituni na kuwafundisha kwa Kiaweer. Ukitaka kurekodi, pata idhini yao kwanza, na nakala ibaki kijijini.

Kama wewe ni wakili au mpima ardhi, acha asali kwetu wachuuzi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kusajili ardhi yake, nayo huchagua kamati ya watu 7 hadi 15 katika mkutano wa wanajamii. Waulize wazee wamefikia wapi, kaa nao mpitie karatasi, na nauli ya kwenda ofisi ya ardhi itoke mfukoni mwako.