SOMO: "Interested", "interesting" na wenzake

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kila mara kwa mtu mmoja mmoja. Leo naliweka lote hapa: ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba kitu umekipenda au una hamu nacho, unasemaje?

Hatua ya 1. Kariri neno pamoja na mkia wake: interested in, keen on, fond of, excited about, enthusiastic about.

Hatua ya 2. Jua unazungumza na nani. "I can't wait" ni ya marafiki. "I look forward to" inafaa barua rasmi.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Niliwahi kuomba kazi niliyoitaka kwa moyo wote, nikaanza barua hivi: "I am very interesting in this position." Nilitaka kusema navutiwa, nikaandika kwamba mimi ndiye ninayevutia. Sikuitwa. Dawa yake tunayo katika Kiswahili chetu: sema kwanza kwa Kiswahili, usikilize "w". Navutiwa, nachoshwa: w ipo, andika -ed. Kitabu kinavutia, hotuba inachosha: w haipo, andika -ing. ANGALIZO: "I am boring" haina maana kwamba umechoshwa. Maana yake unawachosha wenzako.

Hatua ya 4. "I look forward to hearing from you", si "to hear". Hiyo "to" si "ku-" ya kitenzi. Ijaribu kwa nomino: "look forward to your reply" inakubali, basi kitenzi nacho kivae -ing.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo ni "interested in" au "interested on"?
Hatua ya 1.

— Nimefuata hatua ya 4, nikaandika "I can't wait to seeing you". Bado nimekosolewa.
Jaribio la nomino umeliruka. "I can't wait to your reply" haisemeki. Andika "to see you".

— Mimi huandika "interesting" kotekote na watu wananielewa.
Wanakuelewa kwa sababu wanakusahihisha kimoyomoyo. Anayesoma maombi ya kazi halazimiki kukufanyia hivyo.

— "Nasisimka" haina w, mbona ni "excited"?
Umesikiliza vizuri sana, ahsante. Hapo kazi ya w inafanywa na k. Nasisimka: hisia iko kwangu, "excited". Mchezo unasisimua: ndio unaoileta, "exciting". Ukikwama, uliza hisia iko kwa nani.

— Nimewahi kuona "interested to hear". Ni kosa?
Si kosa. Hutumika na vitenzi vya kupata habari: hear, know, learn, see. Kwa shughuli unayotaka kuifanya, "interested in learning French" ndiyo salama.

— Na "very thrilled"?
"Thrilled" imeshabeba "sana" ndani yake. Sema "absolutely thrilled", au iache peke yake.