Somo: Kutafuta protini zinazowasha protini G bila kipokezi

Tumezoea kufundishwa kwamba homoni ikigusa kipokezi, protini G (swichi ya ndani ya seli yenye sehemu tatu: alfa, beta na gama) huachia molekuli ya GDP ya hali ya kuzimwa, hushika GTP ya hali ya kuwashwa, na sehemu yake ya alfa huachana na beta-gama. Ni kweli, ila mwanafunzi huondoka akidhani kipokezi ndicho mlango pekee. Mwaka 1999 watafiti walitumia hamira kuonyesha kwamba ndani ya seli za mamalia zimo protini nyingine zenye uwezo huo, nazo zikaitwa AGS, yaani viwashaji vya ishara ya protini G.

Hatua ya kwanza ni kuandaa hamira, ambayo hutumia protini G kutambua feromoni ya mwenziwe, na ambamo beta-gama ndiyo inayopeleka ishara mbele. Ondoa jeni ya kipokezi, kisha weka alfa ya mamalia mahali pa ile ya hamira. Ondoa pia jeni ya FAR1, kwa sababu kupitia kwayo ishara ya feromoni husimamisha mgawanyiko wa seli, na koloni unazozitafuta zingekuwa ndizo zisizoota. Mwisho, weka HIS3, jeni ya kutengeneza histidini, chini ya swichi ya FUS1, jeni inayowashwa na ishara ya feromoni, ili seli ijitengenezee histidini, asidi amino inayohitaji ili iote, pale tu ishara inapopita.

Hatua ya pili: ingiza jeni za mamalia zinazowashwa na galaktosi, kisha otesha seli pasipo histidini. Chagua koloni zinazoota penye galaktosi na kushindwa penye glukosi.

Hatua ya tatu huonekana ndogo, lakini bila hiyo kazi yote haina thamani. Jaribu kila jeni katika hamira isiyo na STE4, yaani isiyo na beta. Seli zikiendelea kuota, protini hiyo imewasha njia mahali palipo baada ya protini G, basi iache.

Hatua ya nne: ongeza RGS4, protini inayoharakisha alfa kuvunja GTP na hivyo kujizima. AGS1 ilizimwa nayo, kwa hiyo hutegemea GTP. AGS2 na AGS3 hazikuzimwa: ya kwanza hushikana na beta-gama, ya pili hushika alfa ikiwa bado na GDP.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, AGS3 ni kiwashaji au kizuizi?
Inategemea unatazama upande gani. Alfa huzuiwa kuachia GDP, ilhali beta-gama hubaki huru. Jina la kiwashaji limetokana na hamira, ambamo beta-gama ndiyo msemaji.

Je, sumu ya kipindupindu imo katika kundi hili?
Hapana, hiyo ni ya bakteria. Hubandika ADP-ribosi kwenye alfa ya aina ya s, ambayo hushindwa kuvunja GTP. cAMP, kijumbe cha ndani ya seli, hupanda, na kloridi pamoja na maji humiminika utumboni. Kipokezi cha homoni hakihusiki, ndiyo maana watu huichanganya na AGS.

Mwilini zina kazi gani?
LGN, protini nduguye AGS3, hushirikiana na alfa ya aina ya i na protini iitwayo NuMA kuelekeza nyuzi zinazotenganisha kromosomu, hivyo kuamua seli igawanyike kuelekea wapi. Jeni yake, GPSM2, ikiharibika katika nakala zote mbili, mtoto hupata uziwi wa ugonjwa wa Chudley-McCullough.