Moodle: kupakia faili bado si kukusanya kazi

Ukishapakia kazi kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, na kuona jina la faili, usifunge simu. Mwalimu akiwa ameweka hatua ya uthibitisho, faili hubaki rasimu hadi ubonyeze "Submit assignment". Rudi kwenye ukurasa wa kazi usome hali yake: ikiandika "Draft (not submitted)", hujakusanya, unachotafuta ni "Submitted for grading". Piga picha ya skrini hiyo. Ila kagua faili kwanza, maana ukishathibitisha kwa kawaida huwezi kubadilisha kitu mpaka mwalimu airudishe kuwa rasimu.

Kazi iliyoandikwa kwa mkono ndiyo husumbua zaidi. Picha tano za kamera zinaweza kufika MB 20, zikazidi kikomo kilichoandikwa karibu na sehemu ya kupakia, au bando likakata katikati. Skani kurasa zote kwa programu ya Google Drive, chagua nyeusi na nyeupe, upate PDF moja nyepesi. Ifungue mwenyewe uone kama kurasa zimefuatana na maandishi yanasomeka. Jina la faili liwe fupi, kwa mfano namba yako ya usajili na kazi1.